Matundu Manne Mgongoni mwa Toleo la Arobaini na Moja

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni yetu; Mhariri Mkuu wa jarida la Mkwaruzo; wakuu wa idara; mama yetu fundi cherehani, mgeni uliyekubali kuja ingawa ulikuwa na sababu za kutosha za kukataa; wafanyakazi wenzangu wa ghorofa ya juu na ninyi wa chini kwenye mitambo; wauza magazeti mliofunga vibanda vyenu mapema kwa ajili ya shughuli hii; na wewe, mama, unayestaafu leo: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima na nafasi yake. Kama nimemruka mtu, aniwie radhi. Orodha hii niliipanga mara nne, na bado sina hakika nayo.

Kwa wasionijua, mimi ni karani wa kumbukumbu. Barua ikiingia, naigonga muhuri, naandika tarehe, naiweka kwenye faili lake. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya sita.

Kazi hii nilipewa Jumatatu. Afisa utumishi alikuja mezani kwangu akasema, "Karani, wewe umesoma, na mwandiko wako unasomeka. Utatusemea Ijumaa." Nikamwambia kuna watu waliofanya kazi na mama miaka ishirini. Akasema, "Hao wakishika kipaza sauti hawakiachii. Wewe utaogopa, utamaliza mapema." Kuogopa naogopa, kama alivyotaka. Kuhusu kumaliza mapema, naomba radhi tangu sasa.

Rasimu yangu niliipeleka ofisini Jumatano. Ilirudi jana ikiwa imepitishwa, na muhuri, pamoja na sentensi moja iliyoongezwa kwa wino mwekundu. Sentensi yenyewe ni hii: "Katika utumishi wake wote hakuwahi kuteleza, isipokuwa katika toleo la arobaini na moja, ambalo lilichelewa siku tatu kwa uzembe wake." Sentensi hiyohiyo imo katika cheti cha utumishi ambacho Mheshimiwa Mkurugenzi atamkabidhi mama muda si mrefu, na ambacho ataondoka nacho nyumbani na kubaki nacho maisha yake yote.

Mheshimiwa, kwa idhini yako, nimeitamka ili wote tujue tunazungumzia nini. Kuisoma kama sehemu ya hotuba yangu siwezi. Sababu nitaieleza, ila naomba nifuate utaratibu wangu, maana nikianza nayo nitakimbia kabla ya kufika katikati.

Ndugu zangu, mama huyu aliingia hapa kuchora lebo za chupa za dawa. Baadaye alipanga kalenda, ratiba za shule, na jarida la wafuga kuku ambalo wengi wenu hamlikumbuki. Alikuwa na miaka hamsini na sita siku Mkurugenzi alipotangaza kwamba tutachapisha jarida la muziki wa roki, na kwamba atakayelisanifu, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, ni yeye. Wenye umri wangu mngefikiri ni utani. Mhariri Mkuu aliniambia kwamba alimuuliza hapohapo kwenye kikao, "Unaujua muziki wa roki, dada?" Naye akajibu, "Najua ukurasa. Huo muziki nitaujua kufikia Jumatatu."

Akaomba vipokea sauti vya masikioni. Wiki nzima akakaa navyo chumbani kwake, akiendelea kukata karatasi. Mwisho wa wiki Mhariri Mkuu akamuuliza, kwa wasiwasi, ameonaje. Akasema, "Huyu anayepiga ngoma ndiye mwenye nyumba. Wengine wamekuja kuvunja vyombo." Wanamuziki wa roki waliokuja kusikia maneno hayo wameyaandika kwenye fulana.

Mnamwita Bi Milimita. Najua mnamwita hivyo akiwa ameshapita, lakini anajua. Jina hilo alilipata kwa haki. Chumba chake kina meza moja pana, taa ya shingo ndefu, rula ya chuma iliyofutika namba upande mmoja, na ukuta uliojaa kurasa zilizogeuzwa kichwa chini. Siku yangu ya kwanza nilidhani kuna mtu amezikosea, nikaanza kuzigeuza. Sitarudia maneno niliyoambiwa. Nilichojifunza ni hiki: jalada likikaa sawa, jicho linakimbilia sura ya mtu na kusahau mengine. Ukiligeuza, sura inanyamaza, ndipo unapoona upande gani ni mzito na upande gani uko tupu. Siku mbili jalada linakaa kichwa chini. Siku ya tatu analigeuza, analibeba, anavuka barabara.

Wauza magazeti mlioko hapa ni mashahidi. Analibana kwenye kamba ya kibanda katikati ya majarida mengine, anarudi ng'ambo, anasimama pale kwenye kituo cha teksi na kutazama. Dereva mmoja alimuuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akamjibu, "Sijui, nimekuja kuona kama mtu mwenye haraka anaweza kunisoma." Yule dereva alituuliza baadaye kama mama yetu ni mzima. Nilimwambia ni mzima kuliko sisi sote.

Naomba sasa nizungumzie mlango wake, maana bila mlango huo sitaeleweka.

Wiki yangu ya kwanza kazini niligonga mlango ule ili kuuliza faili la picha liwe la kijani au la bluu. Alikuwa ameinama juu ya meza, na kisu cha kukatia karatasi mkononi. Hakuinua kichwa.

"Karani, kuna moto?"

"Hapana, mama."

"Basi funga mlango."

Hakunikaripia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Lakini mimi ni mtu wa kubeba maneno. Tangu siku ile, kila nilipofika mbele ya mlango ule nilijiuliza kwanza: kuna moto? Na kwa kuwa sikuwahi kuona moto, sikuwahi kugonga. Barua zake nilizipitisha chini ya mlango. Zile nilizodhani ni ndogo niliziweka kwenye faili lake, ili azikute atakapolihitaji. Nilijiona mwangalifu. Nilijiona hata mwenye adabu.

Sasa nifike toleo lenyewe.

Mnaijua bendi ya Bati Jekundu. Mnajua pia kwamba mpiga ngoma wao, kijana wa mama yetu fundi cherehani, alifariki kwa homa, kitandani, nyumbani kwao, akiwa na miaka ishirini na sita. Jarida likaamua kwamba toleo la arobaini na moja liwe lake. Jalada na kurasa mbili za katikati vikakabidhiwa chumba kile cha ghorofa ya juu.

Wote tulitegemea jalada lenye uso wake. Bi Milimita hakuweka uso. Alikwenda nyumbani kwa mama wa kijana, akaomba aone ngoma. Akapiga picha ya ngozi yake tu, pale katikati palipochakaa kwa fimbo, alama juu ya alama, nyeupe juu ya nyeupe hadi imekuwa kama unga uliomwagwa mezani. Picha hiyo ikajaza jalada lote, ukingo hadi ukingo. Juu, jina la jarida. Chini, miaka yake miwili, wa kuzaliwa na wa kufa, kwa herufi ndogo kuliko za bei. Basi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naamini utaniruhusu kukumbusha kwamba uliuliza, "Nani atanunua picha ya ngozi?" Naye akakwambia, "Njoo tuvuke barabara." Mkavuka pamoja, mkasimama pale kwenye teksi. Mimi nilikuwa dirishani. Sikusikia mlichosema, ila niliona ulivua miwani, ukaifuta, ukaivaa tena. Jalada likapita.

Uso aliuweka ndani, kwenye kurasa za katikati. Picha ile ilipigwa kwenye chumba chao cha mazoezi: wenzake wawili kushoto, wawili kulia, naye katikati amesimama, fimbo zimechomekwa mfukoni, anaitazama kamera kama mtu aliyeitwa jina. Nyuma yake ukuta mtupu na msumari mmoja. Mhariri Mkuu akashangaa: "Unaweka uso wa mtu kwenye mkunjo?" Kumbe Bi Milimita alikuwa akilisubiri swali hilo. Akachukua jarida la zamani, akalifungua katikati.

"Kila mahali pengine hizi ni karatasi mbili zilizokutana," akasema. "Hapa katikati ni karatasi moja. Mkunjo haumuumizi. Kinachomuumiza ni pini."

Wasiofanya kazi hii naomba waelewe kitu kimoja tu. Jarida letu linashikwa na pini mbili zilizopita mgongoni, na pini hizo zinatokeza ndani, kwenye kurasa za katikati. Wanaotubania jarida, ambao hawako ndani ya kampuni hii, walikuwa na mtambo uliopiga pini ya juu sentimita saba kutoka juu, na ya chini sentimita saba kutoka chini. Vipimo hivyo vilikuwa kwenye kadi ukutani kwake, kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo alichofanya ni kuipanga picha ile, siku mbili nzima na rula yake, mpaka pini ya juu ikaangukia kwenye ule msumari wa ukutani, na pini ya chini ikaangukia kwenye bizimu ya mkanda wa kijana. Chuma juu ya chuma. Msomaji angefungua kurasa zile asione pini hata moja. Niambieni, ni wangapi kati yetu wangefikiria hivyo? Na wangapi wangefikiria, kisha wakasema nani atajua, wakaenda nyumbani?

Pini ya juu haikuangukia kwenye msumari. Iliangukia katikati ya macho yake mawili.

Nakala ya kwanza Bi Milimita mwenyewe aliifunga kwa karatasi safi, akampelekea mama bila kuifungua. Aliiamini. Kesho yake asubuhi mama alikuja ofisini. Mapokezi walimleta kwangu, maana wageni wasio na miadi huletwa kwa karani. Hakupiga kelele. Alilifungua jarida juu ya meza yangu, akaweka kidole.

"Mwanangu alikufa kwa homa," akasema. "Ninyi mmempiga msumari usoni."

Pini alikuwa ameshaichomoa, yeye fundi, akalishona jarida kwa uzi mweupe kwa mkono, vizuri kuliko mtambo wowote. Lakini matundu mawili yalibaki pale katikati ya macho. Uzi hauzibi karatasi.

Nikapanda ngazi. Nikasimama mbele ya mlango ule. Nawaambia ukweli, hata siku ile nilijiuliza kama kuna moto. Mama alikuwa nyuma yangu. Alinipita akausukuma mlango.

Bi Milimita alilitazama jarida. Akachukua rula. Akapima kutoka juu, akapima kutoka chini. Tisa na nusu. Tisa na nusu. Akaitazama kadi ukutani, kisha akamtazama mama, akasema, "Dada, keti. Toleo hili halitoki hivi."

Nini kilifuata, baadhi yenu mnakijua kwa mikono yenu. Nakala zilikuwa elfu tatu, na mia moja za kwanza zilikuwa zimeshafika vibandani. Wauza magazeti walizirudisha zote siku ileile bila kuuliza swali; mmoja tu aliuliza, na aliuliza kama tunahitaji mtu wa kubeba. Mzee wa Mitambo, mkubwa wa mashine zetu za chini, akachapa upya ile karatasi ya katikati peke yake. Ilibidi kila nakala ifumuliwe, karatasi mbovu itoke, mpya iingie, na pini zipigwe tena kwa stepla ya mkono mrefu, sentimita saba juu na saba chini, moja baada ya nyingine. Tulikuwa watu sita kwenye meza ya kufungia mizigo, siku tatu, toka kengele ya asubuhi hadi ya jioni.

Mama alikataa kwenda nyumbani. Alitoa mkobani kile kidude chake cha kufumulia mishono, akawa anafumua pini tatu wakati mimi nahangaika na moja. Siku ya pili Mzee wa Mitambo akamwambia, "Dada, ukichoka na cherehani, mtambo wangu hauna fundi." Mama akamjibu, "Kazi ya mtambo wako nimeshaiona, kaka." Ikawa mara ya kwanza tunacheka tangu asubuhi ya jana yake. Alikaa karibu yangu siku zote tatu. Alikuwa akiniambia, "Taratibu, mwanangu, usijichome." Nami nilikuwa naitika, "Ndiyo, mama," na kuendelea kufumua, na kunyamaza.

Mzee wa Mitambo, naona unanitikisia kichwa niishie hapo. Nakuheshimu sana, ila leo sitanyamaza.

Mheshimiwa Mkurugenzi ulikuwa safarini. Uliporudi Jumamosi ulikuta toleo limechelewa siku tatu na hakuna aliyekupa sababu. Ulimwita Bi Milimita ofisini, ukaniita na mimi niandike muhtasari. Ulimuuliza nini kimetokea. Akasema, "Vipimo vya pini vilikosewa. Kazi ya vipimo ni yangu." Ukamuuliza, "Kwa hiyo kosa ni lako?" Akasema, "Jarida ni langu." Mimi niliandika: *Msanifu amekiri kosa.* Ni mwandiko wangu, ule unaosomeka. Tangu toleo lililofuata jina lake likatolewa kwenye safu ya majina ya watengenezaji wa jarida, na matoleo manane yametoka bila jina lake, yote yakiwa ameyasanifu yeye.

Nimefika sasa mahali nilipopaogopa tangu Jumatatu.

Hii hapa mkononi mwangu ni barua. Imetoka kwa wale wanaotubania jarida. Inasema kwamba wamenunua mtambo mpya, na kwamba kuanzia mwezi ule pini zitapigwa sentimita tisa na nusu kutoka juu na tisa na nusu kutoka chini, na kwamba wanaomba msanifu wa kurasa ajulishwe mara moja. Wao walifanya kila walichopaswa kufanya. Barua ina muhuri wetu: IMEPOKELEWA. Ina tarehe, wiki tatu kabla ya toleo la arobaini na moja kwenda mitamboni. Chini ya tarehe kuna sahihi. Sahihi ni yangu.

Niliipokea. Niliisoma. Nilipanda nayo ngazi hadi mlangoni. Ndani nilisikia rula ikiwekwa mezani, nikajua anapima. Nikajiuliza: sentimita mbili na nusu, ni moto huo? Nikajijibu kwamba si moto. Nikashuka. Nikaiweka kwenye faili la bluu, kwa mpangilio wa tarehe, mahali pake hasa. Haikupotea hata siku moja. Kama kuna kosa lililowahi kufanywa kwa usafi katika ofisi hii, ni hilo.

Bi Milimita aliipata siku ileile mama alipokuja. Alikwenda mwenyewe kwenye kabati akaitoa, akaisoma, akairudisha. Siku ile ya Jumamosi, tulipotoka ofisini kwa Mkurugenzi, nilimfuata kwenye korido. Nilimwambia, "Mama, kwa nini? Uliiona barua." Akasema, "Wewe bado uko kwenye majaribio. Wangekutoa kabla ya chakula cha mchana." Nikamwambia nitarudi kusema. Akasema, "Utamrudishia nani nini? Jarida limetoka zuri. Nenda kafanye kazi." Alipofika kwenye mlango wake akageuka.

"Ila karani. Siku nyingine, gonga."

Majaribio yangu yalikwisha miezi mitano iliyopita. Barua ya kunithibitisha kazini inasema mimi ni "mwangalifu na wa kuaminika". Niliigonga muhuri mwenyewe, nikaiweka kwenye faili. Miezi mitano yote hiyo nilikuwa nikijiambia kwamba mambo yameshapita, na kwamba yeye mwenyewe amenyamaza, mimi ni nani nifufue. Labda ningenyamaza mpaka leo. Lakini jana sentensi ile ilirudi kwa wino mwekundu, nikaambiwa niisome kwa sauti yangu, mbele yake, mbele ya mama fundi. Mara ya kwanza nilimwandikia kosa langu akiwa amesimama pembeni yangu. Mara ya pili siwezi.

Mama yetu fundi, nilikaa kando yako siku tatu ukiniita mwanangu, nami nilijua. Mkono uliompiga mwanao pini ni huu. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, na sikuombi unijibu leo.

Mhariri Mkuu, kwa ruhusa yako, mwenye nakala ya toleo la arobaini na moja na atazame mgongoni. Naona mna nakala hapo mezani. Kuna pini mbili, na mbali kidogo na pini kuna matundu manne madogo yasiyo na kitu. Nakala zote elfu tatu zinayo. Ni mahali pini za kwanza zilipokuwa. Miezi tisa yamekuwa yakipita mikononi mwa wasomaji na hakuna aliyeuliza. Nilipokuwa nikiyaona, nilikuwa nikiliweka jarida rafuni upesi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, folda ya bluu iliyo mbele yako ndiyo yenye cheti cha utumishi. Mimi ndiye niliyekipiga chapa. Ndani hutakuta cheti kimoja. Viko viwili. Cha juu ni kama ulivyoagiza, na ile sentensi imo, neno kwa neno. Sikuthubutu kuifuta bila ruhusa yako, wala si kazi yangu. Cha chini kinafanana nacho kwa kila kitu, isipokuwa kinaishia kwenye maneno "hakuwahi kuteleza". Vyote viwili havina sahihi. Barua hii nitaiweka juu ya vyeti hivyo nikimaliza, pamoja na maelezo yangu ya maandishi, yenye tarehe ya leo. Lolote utakaloamua juu yangu, nitalipokea na kuligonga muhuri kama barua nyingine yoyote. Ninaloomba ni moja tu: kabla hujachukua kalamu, tazama matundu yale.

Na kama hilo halizidi kipimo cha karani, naomba jina la mama anayestaafu lirudi kwenye safu ya majina. Hata toleo moja tu, lile la mwezi ujao, ambalo jalada lake liko ukutani sasa hivi, kichwa chini, likisubiri siku yake ya tatu.

Mama, ulinifundisha mengi kuliko ulivyokusudia. Ulinifundisha kwamba kitu kidogo hakipimwi kwa udogo wake bali kwa kile kilicho chini yake. Sentimita mbili na nusu si kitu kwenye ukuta, ni kitu kwenye uso wa mtoto wa mwenzako. Ulinifundisha kuvuka barabara na kutazama kazi yangu kwa macho ya mtu asiyenijua. Nimefanya hivyo wiki hii. Sikupenda nilichokiona. Ndiyo maana nimesimama hapa badala ya kuketi nyuma ya meza yangu.

Sikukuonya kwamba nitasema haya. Najua ungenikataza, ungeniuliza swali lako lilelile. Leo sikujiuliza. Hakuna moto, mama. Nimegonga tu.

Kwa uvumilivu wenu wote, na kwa kunikopesha masikio yenu kwa muda mrefu kuliko afisa utumishi alivyotarajia kwamba ningeweza kusimama, nawashukuru sana. Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba nilete barua.